Watoto Wanapanda, Mstari Unashuka

Mgeni rasmi, mwalimu mkuu, wajumbe wa bodi, walimu, wazazi wenzetu, na nyinyi watoto mliokaa hapo mbele, ambao tuliwaomba mtulie na kwa kweli mmejitahidi:

MAKARIBISHO

Sisi wazazi na wafanyakazi wa kitengo cha elimu maalumu tunakukaribisha kwa mikono miwili. Tunaomba radhi kwa kiti ulichokalia. Mguu wake mmoja tumeuwekea kipande cha mbao, kwa hiyo usiegemee sana upande wa kushoto.

Anayekusomea ni fundi viatu, baba wa mmoja wa watoto wetu. Aliomba sana asitajwe ndani ya risala. Tulikataa kwa sababu bila yeye mambo hayaeleweki, kisha tukampa yeye mwenyewe aisome. Ukimsikia anakohoa mahali fulani, mvumilie.

Tuseme mapema kwamba tumechanganyikiwa. Tulikutana ili tuandike shukrani na maombi, kama risala zinavyoandikwa, tukajikuta hatujui lipi ni la kushukuru na lipi ni la kuomba. Tumeandika, tumefuta, tumegombana, tumeandika tena. Tunayoisoma ni ile iliyobaki baada ya watu kuchoka kugombana.

TULIKOTOKA

Chumba chetu ni kile cha mwisho, karibu na matangi ya maji. Kilikuwa stoo ya madawati mabovu kabla hakijawa darasa, na mpaka leo wapo wanaofungua mlango kutafuta dawati wakakuta watoto. Kwa miaka mingi watoto wetu waliletwa asubuhi, wakaimba, wakala, wakarudi nyumbani. Majaribio yalikuwapo. Mwisho wa muhula kila mmoja alipewa karatasi ya picha: onyesha mpira, onyesha rangi nyekundu, unganisha vinavyofanana; kisha akaagizwa mambo machache kwa mdomo, na majibu yakaandikwa pembeni. Alama zikapelekwa ofisini kwenu, ofisi ya elimu, na nakala ikawekwa kabatini. Hakuna aliyezitazama tena. Hata sisi wazazi, tukija kumchukua mtoto, tuliuliza kama amekula.

Ndipo akaja mwalimu tuliye naye sasa. Watoto wanamwita Mwalimu Taratibu, kwa neno analolisema kutwa nzima, na jina limemganda hadi mwalimu mkuu analitumia. Wiki ya kwanza alifungua kabati, akapiga chafya, akatoa karatasi zote akazipanga sakafuni. Mlezi wa darasa, yule mama anayewasaidia watoto kula na kuvaa, alimkuta amepiga magoti katikati yake.

"Mwalimu, kuna kitu kimepotea?"

"Nataka kuona wamekosa wapi."

"Si wamekosa tu? Watoto wetu ndivyo walivyo."

"Basi wangekosa popote. Mbona huyu kila muhula anakosa palepale?"

Huyo aliyemnyooshea kidole ni binti wa fundi viatu. Sisi tunamwita Kipepeo, kwa sababu akifurahi anapepesa mikono yote miwili. Maswali yote ya picha alipata. Yale ya kuagizwa alikosa yote, na alikosa kwa namna moja. Ukimwambia, "Chukua kikombe, kiweke mezani, halafu funga mlango," Kipepeo alikuwa anakwenda moja kwa moja kufunga mlango. Miaka yote tulisema ni mkaidi. Nyumbani alikuwa anafokewa kwa ajili hiyohiyo, na aliyekuwa anafoka anakusomea hapa.

Mwalimu Taratibu hakubishana na mtu. Alimpa agizo moja, akasubiri. Kikombe kikachukuliwa. Akampa la pili, akasubiri. Kikombe kikawekwa mezani. Mtoto alikuwa anashika neno la mwisho tu, yale ya mbele yanamwagika. Ikawa ndiyo kazi ya muhula mzima: agizo moja, kisha mawili yenye picha, kisha mawili bila picha. Siku Kipepeo alipofanya mambo mawili mfululizo, baba yake alikuwapo mlangoni na mfuko wa viatu vya wateja mkononi. Alilia. Sote tulimwona, na hatuoni aibu kulisema mbele yako.

MAFANIKIO

Tangu hapo kila jaribio lilisomwa swali kwa swali, na somo la Jumatatu likatoka kwenye makosa ya Ijumaa. Tulijua nani anachoka baada ya chakula na nani anajua kuhesabu vijiko ila akipewa karatasi anaganda. Wazazi tulianza kuambiwa mambo ya kufanya nyumbani, tukayafanya, hata wale tuliokuwa wabishi.

Karatasi ya picha ikawa nyepesi kwa wengi wao. Mwalimu Taratibu akaandaa ya ngazi ya juu, yenye yale maagizo, kusoma maneno mafupi na kujieleza, kwa kufuata mwongozo uliotoka ofisini kwenu. Mtoto akiimaliza ya chini, anapandishwa. Na yupo mmoja, mkubwa kuliko wenzake, tuliyekuwa tunamwita Mjomba kwa alivyokuwa anawatunza wadogo, ambaye alizimaliza zote akahamia darasa la kawaida. Yuko pale mstari wa tatu na sare yake. Tulimpigia makofi siku ile hadi akaziba masikio.

Hayo tumeyaandika chini ya mafanikio. Sasa tutakusomea changamoto, na utashangaa kuona ni hayohayo.

CHANGAMOTO

Mwaka huu alikuja kijana wa takwimu kutoka ofisini kwenu. Ni kijana mwenye adabu, alivua kofia mlangoni na watoto walimpenda. Aliwasha mashine yake akatuonyesha ukutani mstari wa wastani wa kitengo chetu. Ulikuwa unashuka kama ngazi za kuingilia kisimani.

"Mwalimu, hapa pana tatizo," alisema.

"Lipi?"

"Zamani watoto walikuwa wanapata karibu zote. Sasa hawafiki nusu."

"Zamani walikuwa wanafanya ya picha. Sasa wako ngazi ya juu."

"Naelewa. Ila mashine haiulizi ngazi, inauliza alama."

"Na Mjomba je? Huyo alikuwa anapata zote."

Kijana alibofya, akatafuta, akabofya tena. "Hayupo."

"Yupo darasa la pili!"

"Ndiyo, mwalimu. Kwa hiyo kwenu hayupo."

Walisimama wote wawili wakiutazama ukuta. Mwalimu Taratibu akasema, "Mimi naona watoto wanapanda." Kijana akasema, "Na mimi naona mstari unashuka." Hakuna aliyekuwa anasema uongo. Kijana mwenyewe alijikuna kichwa, akaahidi kuuliza wakubwa wake, na hatumlaumu.

Kilichofuata ni barua. Inasema kitengo ambacho wastani wake unaendelea kushuka kitaunganishwa na kingine na mwalimu wake atapangiwa kazi nyingine. Muhula huu ukishuka tena, ni sisi. Kitengo hicho kingine kiko ng'ambo ya mji. Mtoto asiyeweza kushika maagizo matatu utampandishaje mabasi mawili? Watoto wa wengi wetu watabaki nyumbani, tuseme ilivyo.

Mwalimu Taratibu aliichukua nakala ya ule mstari akaenda nayo kwake. Mlezi wa darasa alimtembelea akamkuta jikoni, sufuria inaungua, yeye ameigeuza karatasi kwa nyuma, ameiinua mbele ya taa na anaitazama.

"Ukiigeuza hivi unapanda," mwalimu alimwambia mlezi, wakacheka mpaka yeye mwalimu akaanza kulia. Alisema hajui tena kama anafundisha au anaharibu. Alisema ni yeye aliyetuhimiza tuamini majaribio, na sasa majaribio yamemgeuka. Mlezi alizima jiko.

Tuliitisha kikao. Fundi viatu alisimama kwanza.

"Mwalimu, nakuomba kwa heshima. Mrudishe binti yangu kwenye karatasi ya picha. Ile anaimaliza huku anaimba. Warudishe wote. Mstari upande, kitengo kipone, hayo mengine utawafundisha kimyakimya."

"Baba Kipepeo, ninachofundisha kinatoka kwenye anachokosa. Nikimpa karatasi asiyokosa kitu, Jumatatu nitafundisha nini?"

"Na ukimwacha juu, Jumatatu hiyo utakuwa wapi wewe?"

Tulipiga kura, kura zikalingana. Tulirudia, zikalingana tena, ila safari hii kuna waliokuwa wamehama upande, kwa hiyo mpaka leo hatujui nani anataka nini. Fundi viatu anasema yeye mwenyewe alibadilika, na hajui ilikuwa kura ya kwanza au ya pili aliyoipiga kwa moyo.

Mgeni rasmi, hapo ndipo tulipo. Mtoto akijua zaidi tunaonekana tumeshindwa. Akifaulu kabisa anatuacha na mstari unaanguka zaidi. Tukitaka kuonekana tumefaulu, dawa ni kumwomba mtoto asiendelee. Tumeligeuza jambo hili kila upande na kichwa kinatuuma. Kama kuna tusichokielewa, basi tueleweshwe. Kama tumeelewa, basi hali ni mbaya kuliko tulivyodhani.

MAOMBI

Tulikuwa na orodha. Palikuwa na paa linalovuja, vikombe, na mlango mpana wa kupitisha kiti cha magurudumu. Tumeiweka pembeni, tutaileta siku nyingine.

Tunajua sahihi ya mwisho ya kukiunganisha kitengo itakuwa yako. Tunajua pia kwamba wewe hukuubuni ule mstari, na huenda na wewe uliletewa ukiwa umekwishachorwa. Tungependa mtoto apimwe kwa alipokuwa jana, na anayehamia darasa la kawaida ahesabiwe kwetu hata kama ni kwa muhula mmoja. Lakini hayo yana vikao vyake, na vikao vina muda wake, nasi muda hatuna.

Jaribio la muhula ni kesho asubuhi. Mwalimu Taratibu ameketi kwenye benchi la nyuma, karibu na dirisha, na mkoba wake uko magotini. Ndani amechapisha karatasi za aina zote mbili, za picha na za juu, za kutosha watoto wote. Leo asubuhi tulimuuliza atagawa zipi. Alisema hajui. Akatuuliza sisi tunataka agawe zipi, tukatazama chini.

Kipepeo hatauliza. Atakayopewa ataipokea kwa mikono miwili, na atapepesa mikono kwa furaha ileile.

Kwa hiyo, mgeni rasmi, utakaposimama kuzungumza, usituahidi kitu na wala usitusifu. Mtazame mwalimu wetu umwambie, mbele yetu sote, kesho agawe karatasi ipi.

Mwenyezi Mungu akupe afya na maneno ya kumwambia, awalinde watoto hawa na mikono inayowafundisha, na akurudishe kwako salama.

Ni sisi,
Wazazi na Wafanyakazi wa Kitengo cha Elimu Maalumu,
Chumba cha Mwisho.