Sanduku la Kiwi za Moyo Mwekundu

Kijiwe chetu ni benchi moja refu mbele ya kibanda cha kinyozi, birika la kahawa katikati, na kila aliyekaa ana kazi aliyoiacha mahali. Asubuhi hiyo Mama Matunda alitubwagia sanduku la kiwi juu ya benchi kwa kishindo. Alikuwa amekata moja kuwaonyesha wateja: nyama ya njano, na katikati, kuzunguka kiini, miali myekundu kama ya jua la kuchorwa. Mteja mmoja akapiga kelele kwamba tunda limedungwa rangi. Uvumi ukafika sokoni kabla ya mteja mwenyewe, na Bwana Afya wa manispaa akaja na amri: matunda yasipothibitishwa kuwa ni salama kufikia adhuhuri, sanduku zima linakwenda shimo la taka.

— Jamani, mimi nidunge matunda? Mama Matunda alilalama. Sindano yenyewe naiogopa, hata kule zahanati hunishika watu wawili!

— Tufuate utaratibu, mama, alisema Bwana Afya, akipokea kikombe.

Fundi Rangi, anayechora mabango ya maduka yote mtaani, alilinusa lile tunda.

— Nyekundu huwa haitulii ndani ya mstari. Hii imetulia. Aliyeipaka ananizidi mkono, na mtu huyo hajazaliwa.

— Kwa hiyo haikupakwa? aliuliza Bwana Afya.

— Imenyonywa. Wanamwaga rangi shambani, mzizi unavuta.

Wakili, aliyepewa jina hilo kwa kupinga kila kitu, aliruka.

— Acha hizo, Fundi! Hii ni hasira. Tunda limesafiri mbali, limebanwa sandukuni, damu imepanda.

— Tunda lina damu? Fundi aliuliza.

— Thibitisha kwamba halina.

Bwana Afya aliitikia kwa kichwa, kwa heshima. Hoja ile ilifanana na za ofisini kwake.

Profesa akakohoa. Huyu alikuwa mtunza maktaba, na ensaiklopidia ya maktaba yake iliishia juzuu ya K. Ndiyo maana anajua kila kitu mpaka kiwi, ila habari za limau hana.

— Inaitwa anthosayanini. Juzuu ya kwanza kabisa. Ni rangi ya asili, mmea unaitengeneza wenyewe, kama kwenye zabibu nyeusi na kabichi ya zambarau. Na ina tabia moja: ukiitia magadi, inageuka buluu.

— Rangi yangu mimi hata uitie nini, haigeuki! Fundi alijigamba.

— Basi hapo ndipo tutakapozitofautisha, ndugu yangu.

Kijiko cha magadi kikaazimwa duka la jirani. Mama Matunda akakata, Profesa akanyunyiza, sote tukainama hadi vichwa vikagongana. Ile nyekundu ikasitasita, ikaingia zambarau, ikaishia buluu ya wino. Kijiwe kikalipuka kwa shangwe.

— Moja si sampuli, alisema Bwana Afya. Utaratibu unataka za juu, za kati na za chini.

Zikakatwa za juu, za kati na za chini.

— Na hivi vipande visivyotiwa magadi? Wakili aliuliza.

— Vipimwe kwa ulimi, alijibu Bwana Afya. Ladha nayo ni kipimo.

Wakili akapima, akasema hajaridhika, akapima tena. Fundi akapima kwa niaba ya wachoraji. Bwana Afya akapima kwa niaba ya manispaa, na manispaa ni kubwa. Wapita njia wakasimama. Hata yule mteja wa kelele akarudi, akaomba naye athibitishiwe.

— Tamu hizi, mama! Nilikuonea bure.

— Sema kwa sauti, baba, sokoni wasikie!

Bwana Afya akainuka, akapangusa kidevu, akatoa muhuri na kuugonga ubavuni mwa sanduku. Tukapiga makofi. Ndipo akatokea mwanamke mwenye kikapu, mgeni kabisa kwetu.

— Nimeambiwa hapa ndipo penye kiwi za moyo mwekundu.

— Umefika, mwanangu! Mama Matunda alimkaribisha. Na zimeruhusiwa na serikali. Soma mwenyewe.

Mgeni akasoma: IMEKAGULIWA. INAFAA KULIWA. Akachungulia ndani ya sanduku, akakuta tupu.

— Nini kinafaa?

Profesa akatazama maganda. Wakili akajipangusa midomo. Bwana Afya akaomba kahawa nyingine. Mama Matunda, tabasamu likiwa bado usoni, naye akachungulia. Kisha akashika kiuno, akasimama bega kwa bega na mteja wake, wakasubiri jibu pamoja.