Mama Hakuwa Mlevi: Maisha ya Rosebella Wesonga, 1971–2025

Marehemu Rosebella Wesonga, ambaye wengi wenu mlimjua kama Mama Linah, aliacha amri kuhusu siku ya leo: wasifu wake usisomwe kwa sauti ya msiba. "Brigid," alimwambia dadake, "usome kwa nguvu, mpaka wale wa nyuma kabisa waskie." Basi ninyi wa nyuma, tegeni masikio!

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1971 huko Moiben, katika nyumba za wafanyakazi wa shamba la mahindi. Alikuwa mtoto wa kwanza wa Mzee Wabuge na mkewe Nekoye, waliotoka Bungoma kutafuta kibarua. Baba alilima, mama akakamua ng'ombe.

Alisoma shule ya msingi hapo hapo Moiben, akamaliza darasa la nane mwaka 1985. Miaka iliyofuata ilimuumiza. Mama yake alianza kuyumbayumba njiani na kurusha mikono, na watu wakasema ni chang'aa. Rosebella naye aliamini. Siku moja sokoni alivuka barabara ili asionekane na mama yake, na mama akamwona akivuka. Mama Nekoye alipofariki alizikwa upesi upesi, bila wasifu kusomwa, kwa maana nani angesimama kusoma habari za mlevi?

Rosebella alijifunza kushona mjini Eldoret, akafungua kibanda cha sare za shule karibu na soko. Karani mmoja wa kiwanda cha mbao kutoka Timboroa, Stephen Wesonga, alileta suruali ipunguzwe. Wiki iliyofuata akairudisha ipunguzwe tena. Mara ya tatu Rosebella akamwambia, "Wesonga, hii ikipungua tena itakuwa kaptula. Sema kile kimekuleta." Akasema. Walifunga ndoa tarehe 18 Desemba 1993, wakajaliwa Linah na Ronnie, wakajenga hapa Chepkoilel.

Mwaka 2014 mguu wake ulianza kukanyaga cherehani bila kutumwa, na mishono ikaenda upogo. Kanisani mkono uliruka wenyewe katikati ya maombi. Minong'ono ikaanza, na mwaka 2016 akina mama wakamvua kitambaa cheupe cha kichwa, alama ya chama chao cha kanisa kisichoruhusu pombe, kitambaa alichokishona kwa mikono yake, chake na vya wenzake wote. "Sheria ni sheria, Mama Linah," mwenyekiti, Mama Njambi, alimwambia. "Kama ni pombe, sema tu tukuombee." Na huyu ni mtu ambaye hakuwahi kuonja hata busaa ya harusi!

Tarehe 6 Juni 2018 Daktari Chelimo aliweka picha ya ubongo wake mbele ya taa, akamwonyesha vitu viwili vidogo vilivyopinda, kimoja kila upande, kila kimoja na mkia wake. Aliviita kodeti.

"Mama, wewe ni fundi, utanielewa. Hizi husaidia ubongo kuambia mguu, sasa kanyaga, sasa wacha. Zinasaidia hata kushika mazoea, na kuchagua la kufanya na la kuacha. Zako zimesinyaa. Ni ugonjwa unaitwa Huntington. Pole sana, bado hauna tiba."

"Si pombe?"

"Si pombe hata kidogo."

"Na umetoka wapi?"

"Kwa mzazi, Mama. Unarithiwa."

Rosebella aliruka kutoka kitini akapiga makofi! Daktari alidhani habari zimemvuruga. Kumbe wapi. Hapo hapo alitoka akampigia Brigid simu, na hakutaja neno lolote juu yake mwenyewe. "Brigid! Mama hakuwa mlevi! Unaskia? Mama alikuwa mgonjwa!" Alilia na kucheka kwa pamoja, na wagonjwa wote kwenye foleni wakageuka kumtazama.

Jumapili alibandika ile picha kwenye dirisha la kanisa, jua likapita ndani yake, akatufundisha kodeti hadi mahubiri yakachelewa. Mama Njambi alisimama, akavua kitambaa chake mwenyewe, akamfunga nacho. "Nilikukosea, dada yangu." Ndicho marehemu alichovaa leo. Kisha Rosebella akaenda Moiben, akapiga magoti kwenye kaburi la mama yake, akaomba msamaha kwa ile siku ya sokoni.

Aliugua miaka saba zaidi akiwa ameinua kichwa. Mwishowe kumeza kulimshinda, kifua kikajaa, na tarehe 9 Oktoba 2025 alituaga nyumbani, Wesonga akiwa amemshika mkono. Inauma. Tusidanganyane, inauma sana.

Amewaacha mumewe Stephen, watoto wake Linah na Ronnie, dadake Brigid, na mjukuu mmoja. Mjukuu huyo Linah alimpa jina ambalo ukoo ulikataa kulirudia kwa miaka ishirini na tisa: Nekoye. Kuhusu watoto kupimwa au kutopimwa, hilo ni lao na daktari. Tafadhali msiwaulize mkiwa kwenye foleni ya chakula.

Imebaki amri yake ya mwisho, na Brigid anaitimiza sasa.

Mama Nekoye Wabuge alizaliwa mwaka 1945. Aliolewa na Mzee Wabuge, wakapata mabinti wawili. Alikamua ng'ombe ishirini kila asubuhi na hakuwahi kuchelewa, hata mikono ilipoanza kumkataa. Aliugua ugonjwa wa ubongo. Alifariki tarehe 2 Februari 1990, na wasifu wake umesomwa leo.

Mama na binti yake, wapumzike kwa amani.