Mkorosho wa Ndayikeza

Basi lilipoiacha Kibondo, Benedicto alitaka kusinzia, ila wanawake wawili wa kiti cha mbele walimnyima usingizi. Macho hayana pazia, wanasema. Masikio ndiyo kabisa.

"Mama, hiyo korosho mbichi unaipeleka wapi?" aliuliza Stumai, mwalimu mgeni kutoka Newala.

"Kasulu, daktari aipime sumu," alijibu Mama Ndayikeza, akifungua pindo la kitenge. "Mwanangu aliupanda mkorosho kwetu Kitahana. Mwaka jana akafariki ghafla. Juzi mjukuu kaing'ata mbegu yake, midomo ikababuka. Nikajua ndiyo iliyomuua baba yake. Nimeukata mti kwa mkono wangu."

"Jamani, mama! Kinachounguza ni mafuta ya ganda. Sisi tunaichoma kwanza, ndipo tunabangua, tunatoa ganda. Ndani ni chakula hasa, kina mafuta na protini. Bibo lake, lile tunda, tunakamua juisi. Haiui mtu."

Benedicto aliona somo ni zuri, ila limechelewa.

"Yoo," mama alinong'ona. "Yaani mti haukuwa na kosa?"

Basi likasimama Kasulu, watu wakashuka. Mama hakuinuka. Aliifunga korosho yake upya, akamshika mwalimu mkono.

"Haya, niambie wewe uliyesoma. Kama si mti, nani kaniulia mwanangu?"