Mwalimu Kwa Nini, Aliyepotewa na Herufi

Ndugu, jamaa, majirani na nyote mliofika, familia imenituma mimi, mdogo wake marehemu, niwasomee maisha ya dada yangu, nami naomba mnivumilie nikikwama, kwa sababu hakuna aliyejiandaa, na hata sasa nyumbani kuna watu wanaoongea kwa sauti ya chini kana kwamba dada yuko chumbani amejipumzisha.

Marehemu alizaliwa tarehe 6 Februari 1962, katika nyumba za wafanyakazi nyuma ya karakana ya reli, akiwa mtoto wa kwanza wa baba mchomeleaji na mama mkunga, na kabla hajaanza shule alikuwa amekwisha kuwachosha wote wawili kwa maswali. Elimu ya msingi aliianza mwaka 1969 na sekondari mwaka 1976, na huko ndiko wanafunzi wenzake walikomwita Kwa Nini, jina lililomfuata hadi uzeeni, kiasi kwamba wapo hapa ambao hawakuwahi kumjua kwa jingine. Alipochaguliwa kwenda chuo kikuu mwaka 1982 na kuandika kwamba anataka kusoma falsafa, baba yake aliiweka miwani yake mezani taratibu, akamuuliza, "Falsafa inatibu nini, mwanangu?" naye akajibu kwamba hajui bado, akishajua atarudi kumwambia, na kweli kila likizo alirudi na jibu jipya, na kila mara baba alilikataa, wakaendelea hivyo hadi mzee alipofariki wakiwa marafiki wakubwa.

Kazi ya ualimu aliianza tarehe 1 Julai 1986 katika chuo cha ualimu cha hapa mjini, akifundisha falsafa na nadharia za siasa, na hakuhama. Ofisi yake ilikuwa ile ya mwisho karibu na ngazi, yenye dirisha lisilofungika vizuri, na vitabu vilipanda ukutani mpaka swichi ya taa ikawa haionekani, mgeni akitaka kuwasha taa anaambiwa apapase kati ya rafu ya pili na ya tatu. Wanafunzi wake wa siasa aliwalazimisha kusoma riwaya moja kabla ya kila mwanafikra, jambo lililomkera mkuu wa idara, akamwita na kumwambia kwamba hili ni darasa la siasa, si la hadithi. Marehemu alimjibu kwa adabu, "Mkuu, mwanafunzi anayejua dola ni nini lakini hajui njaa ya mtu mmoja ilivyo, nimpeleke akafundishe watoto wa nani?" Mkuu yupo nasi leo, na ndiye aliyetuomba tusiliache hilo, kwa kuwa anasema hakulala vizuri siku ile.

Ndoa yake ilifungwa tarehe 12 Desemba 1988 na fundi wa lifti aliyekutana naye baada ya kukwama kati ya ghorofa ya tatu na ya nne ya jengo la posta, ambapo fundi alipoufungua mlango alimkuta ameketi chini anasoma, na jambo la kwanza kuambiwa lilikuwa asubiri amalize aya. Siku ya kuhamia, bwana harusi alibeba masanduku yote mwenyewe, alipoyafungua akauliza nguo ziko wapi. Walijaliwa mtoto mmoja wa kike, ambaye sasa ni mfamasia, aliyekua akidhani kila nyumba ina mama anayebishana na kitabu kwa sauti akiwa jikoni.

Asubuhi ya tarehe 19 Agosti 2021, marehemu aliingia chumba cha walimu akiwa mzima, akachukua karatasi ya mtihani aliyokuwa anasahihisha, akaitazama, akavua miwani na kuifuta, akaitazama tena. Akamuuliza mwalimu wa historia aliyekaa jirani, "Hii imeandikwa kwa lugha gani?" Mwenzake akacheka, akidhani anamsengenya mwanafunzi mwenye mwandiko mbaya. Ndipo marehemu alipotazama bango la mlangoni ambalo alilipita kila siku ya kazi yake, akaona michirizi tu, akasimama, akachukua chaki, akaandika jina lake ubaoni kwa mwandiko wake ule ule mzuri, akarudi nyuma hatua chache kulisoma, na hakuweza. Mwalimu wa historia anasema hajawahi kuona uso wa mtu mzima ukiwa vile, na kwamba hakulia wala hakupiga kelele, alisema tu, "Zimekwenda wapi?"

Hospitalini walieleza kwamba mshipa wa damu umeziba upande wa nyuma wa ubongo, akili yake ni ile ile, usemi ni ule ule, mkono unaandika, ila njia ya kutoka kwenye jicho kwenda kwenye maneno imekatika. Sisi wa familia tulimshukuru Mungu kwamba yu hai, tukadhani na yeye atashukuru, lakini yeye alikaa wiki nzima amegeukia ukuta. Siku moja alimuuliza mumewe swali alilokuwa amewafundisha wengine miaka yote, safari hii bila utani, kwamba yule aliyekuwa anasoma na huyu aliyelala hapa ni mtu mmoja au wawili. Mumewe alifikiri sana, akasema, "Sijui mambo ya vitabu, ila anayeniudhi ni yule yule." Hapo ndipo alipogeuka kutoka ukutani.

Mumewe, ambaye kabla ya hapo alisoma vitabu vya mashine tu, ndiye aliyeanza kumsomea kila asubuhi baada ya chai, kidole kwenye mstari, na siku za mwanzo aliruka alichoona hakina maana. Marehemu alimkamata.

"Umeruka."

"Nimeruka mvua tu, mama, hakuna lililotokea."

"Mvua ndiyo iliyotokea. Rudi."

Wakasoma riwaya, wakasoma falsafa, ambayo mumewe aliona haisikilizwi kwa sikio moja, kila sentensi lazima irudiwe, na wakasoma nadharia za siasa. Walipofika kwa mwanafikra anayesema watu wamekubali wenyewe kutawaliwa, mumewe alikifunga kitabu akauliza yeye alikubali lini, maana hakumbuki, na marehemu, kwa furaha ambayo hatukuwa tumeiona tangu augue, alimuuliza kwa nini basi husimama kwenye taa nyekundu barabara ikiwa tupu. Fundi alibeba swali hilo kazini siku nzima, akarudi jioni amekubali nusu. Marehemu alimwambia binti yao kwamba zamani alikuwa anasoma kwa macho yanayokimbia, na sasa kwa mara ya kwanza anasoma kwa kusubiri, na kwamba watu wa kwenye riwaya wanamkaa moyoni zaidi wakija kwa sauti ya mtu anayempenda.

Kwa msaada wa mtaalamu wa mazoezi ya kusoma, alianza kuzitafuta herufi kwa kuzichora kiganjani moja moja, akaweza mabango ya mtaani, akaweza vichwa vya habari, na mwanzoni mwa mwaka huu aliweza ukurasa mmoja mwenyewe, polepole, akatoka jasho kama aliyelima. Tarehe 28 Aprili daktari alimpima akasema anaendelea vizuri, tukafurahi, tukaanza hata kupanga safari.

Jumatano, tarehe 3 Mei 2023, baada ya chai, walikuwa kwenye riwaya ya mama aliyemtaja mwanawe kwa askari. Mumewe alisema mama yule alikosea, mtoto ni mtoto. Marehemu alisema, "Subiri, usigeuze ukurasa, bado sijakubali," akafumba macho, kama kawaida yake akipanga hoja. Mumewe akasubiri, kidole kwenye mstari, kwa kuwa alimjua mkewe na hakutaka kumkatiza, akasubiri mpaka chai ikapoa, na alipomgusa mkono ndipo alipojua. Jirani yetu dereva aliwakimbiza hospitali, lakini hapakuwa na la kufanya. Mume ameomba tuseme mbele yenu kwamba yeye bado anaona mama yule alikosea, na tangu Jumatano anatafuta jibu ambalo mkewe angempa, na hajalipata.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliompokea mara zote mbili, mtaalamu aliyemrudishia herufi, majirani ambao hawajalala tangu tufiwe, walimu wenzake na wanafunzi waliojaza ua huu, na kila aliyewahi kubishana naye, maana hakubishana na mtu asiyemheshimu.

Pumzika kwa amani, dada. Hakuna atakayekukatiza.