Majirani Sita, Zamu za Watano

Jioni ile, benchi la nje ya kibanda cha kahawa cha Milka hapa Makwasinyi lilikuwa na wataalamu wawili: Morris, tunayemwita Injinia tangu alipofufua mashine ya kusaga unga, na Mzee Ambrose, ambaye kwa wiki tatu hakuwa ameitwa zamu ya usiku ya kulinda mashamba dhidi ya tembo. Zamu hupangwa na programu ya simu aliyoiandika Wakesho, jirani yetu, aliyekuwa amesimama kando yao. Alijifunza kuandika programu kwa mifano midogo kwenye simu: mmoja wa kuandika jina, mmoja wa kujumlisha, mmoja wa kupitia orodha ya matunda. Akatoa matunda, akaweka majirani sita. Sasa watano kati yao walikuwa hoi kwa kukesha, na saa kumi na mbili kamati ingekaa kurudisha daftari la zamu la zamani.

— Wakesho, hiyo kitu yako inampendelea mzee, Injinia akasema.

— Haijui kupendelea. Nimeisoma mstari kwa mstari.

— Inaniheshimu, Ambrose akasema. Imeona mvi.

— Imeona na nini, mzee? Injinia akauliza.

— Setilaiti. Inapima hadi magoti.

— Wacha! Ni tembo wameingilia mtandao. Wanachagua walinzi.

— Ndio hivyo! Mimi wananiogopa.

Milka akacheka hadi birika likatikisika.

— Wewe? Si mwaka jana ulishushwa kutoka juu ya tangi la maji ulikowakimbia?

Wakesho hakucheka.

— Daftari likirudi, nani ataniamini tena na kazi yoyote?

Lynn, mwalimu mpya wa shule, alikuwa amekuja kununua mahamri. Akainama juu ya simu ya Wakesho.

— Ule mfano wa matunda ulianza kuhesabu na ngapi?



— Sifuri, Wakesho akajibu polepole. Nikaona aliyeandika amekosea, nikaweka moja. Nani huhesabu watu kuanzia sifuri?

— Kompyuta, dada. Wa kwanza kwenye orodha ndiye sifuri wake. Ulimruka.

Sote tukatazama orodha. Juu kabisa: Ambrose. Mwenyewe alidai aandikwe wa kwanza, kwa sababu ya umri.

Wakesho akafuta moja, akaandika sifuri, akabonyeza. Simu ikalia mfukoni mwa mzee. Akavaa miwani, akasoma, akasoma tena: *Ambrose, leo ni zamu yako.*

— Sasa imepona, Injinia akasema. Twende tukawaambie kamati.

Ambrose alibaki amekaa.

— Milka, mama, akasema. Hiyo kahawa iliyobaki, nitilie yote kwa chupa.