Mwalimu Wrzosek na Picha ya Darasa la Nane B

Mwalimu Bogumiła Wrzosek anastaafu Ijumaa hii, siku ya kufunga shule, baada ya kufundisha historia hapa mjini Wierzbnica kwa miaka thelathini na minne. Darasa la Nane B ndilo la mwisho kupita mikononi mwake, na ndiyo maana tumepewa heshima ya kuandika wasifu huu.

Alipoanza kazi, anasema, kitabu alichokikuta kabatini kilikuwa na aya moja tu kuhusu Maangamizi ya Wayahudi. Aliisoma, akakifunga kitabu, akawatoa wanafunzi nje. Tangu mwaka ule kila mwanafunzi wake hupewa mlango mmoja wa uwanja wa soko. Kazi yake ni kujua nani aliishi nyuma ya mlango huo kabla ya 1942, mwaka Wayahudi wa hapa walipopelekwa kuuawa, alifanya kazi gani, na watoto wake waliitwaje. Kwenye miimo ya baadhi ya milango bado kuna alama ya mshazari, mahali ambapo familia za Kiyahudi zilipigilia kikasha cha sala. Mwalimu hutaka tuguse alama hiyo kwanza. Idadi ya waliouawa hufundisha baadaye.

Wengi watamkumbuka kwa baiskeli yake, na kwa glavu zake ambazo hata siku moja hazijawahi kufanana. Meya wetu, aliyewahi kuwa mwanafunzi wake, bado hutoa mikono mfukoni anapomwona.

Vijana wa zamani hawajasahau habari ya ukuta wa uwanja wa mpira. Waliandika pale neno “Wayahudi” kwa herufi kubwa ili kuitukana timu ya mji jirani. Mkuu wa shule alitaka kuwasimamisha masomo. Mwalimu Wrzosek aliomba aachiwe kipindi kimoja nao. Aliwauliza ni mchezaji gani wa timu ile aliye Myahudi. Wakajibu hakuna, ni tusi tu, kila mtu hulitumia. Basi akawauliza aliyetukanwa ni nani. Walibishana mpaka kengele ikalia, na mmoja wao, ambaye leo ni mzimamoto, anasema bado hajapata jibu.

Sasa tufike kwenye zawadi yetu, kwa sababu nusu ya mji imeshaisikia, na imeisikia vibaya.

Mkono mtupu haulambwi, kwa hiyo tulichanga, na mwenzetu Tymon akatumwa gulioni Jumapili. Alirudi na picha ambayo kila mtu hapa kwetu anaijua: mzee wa Kiyahudi mwenye ndevu na kofia nyeusi, ameinama mezani akihesabu sarafu. Watu huitundika karibu na mlango ili nyumba isipungukiwe, na Jumamosi huigeuza kichwa chini ili sarafu zimdondokee mwenye nyumba. Daktari wa meno anayo. Bibi yangu mimi, ninayeandika haya kwa niaba ya darasa, anayo. Tulifikiri kwamba Mwalimu amewapenda Wayahudi maisha yake yote, na pensheni ya mwalimu ni ndogo. Zawadi gani ingemfaa zaidi?

Tulimpa Jumatatu, katika somo la mwisho. Aliifungua, akaitazama. Tulingoja atabasamu.

“Huyu ni nani?” akauliza.

“Myahudi, Mwalimu,” alisema Tymon. “Wa bahati.”

“Anaitwa nani?”

Tulikuwa tumeshatafuta majina ya mafundi cherehani, waokaji na wauza vifungo wa soko zima, lakini kuuliza jina la huyu hakukumpitia mtu akilini.

Mwalimu hakukasirika. Angekasirika ingekuwa rahisi zaidi kwetu. Alieleza polepole kwamba kabla watu hawajauawa, walichorwa hivi miaka mingi: Myahudi na pesa, pesa na Myahudi, mpaka jirani hakumwona tena fundi aliyemshonea koti. Jagna alisema yeye anaipenda picha, maana mzee ana uso wa upole. Mwalimu akakubali kwamba uso ni wa upole, na akasema hilo ndilo linalomsumbua.

Nyumbani nilimweleza Bibi. “Mchoro tu huo, mjukuu wangu,” alisema. “Umemuuma nani?” Bibi ndiye ang'oaye magugu kwenye makaburi ya Kiyahudi kila theluji ikiyeyuka, bila kuombwa na mtu. Ukimwita mwenye chuki, umesema uongo. Lakini ukisema picha haina neno, nadhani umesema uongo pia. Sijui mtu asimame wapi katikati ya hayo mawili.

Jumanne darasa lilikaa kuamua la kufanya na picha, ambayo Mwalimu alikuwa ameiacha mezani, kwa sababu Ijumaa zawadi hutolewa rasmi jukwaani mbele ya wazazi. Hatukuogopa aibu tu. Tuliogopa kwamba Mwalimu angeondoka akiamini miaka yote hiyo ilikwenda bure, na sisi ndio ushahidi. Kuirudisha gulioni haikufaa, maana angeinunua mwingine. Kuiweka stoo haikufaa, maana mhudumu wa shule angeitundika ofisini kwake siku hiyo hiyo. Tymon, aliyekuwa amechoka na karibu kulia, akasema basi tuichome.

Iwo, ambaye kwa kawaida hasemi kitu darasani, akainua kichwa. “Tuchome Myahudi?” alisema. “Sisi? Hapa Wierzbnica?”

Tymon akaichukua picha, tukatoka kumtafuta Mwalimu.

Tulimkuta Mwalimu nje akifungua kufuli la baiskeli. Tymon alimwomba radhi kwa niaba yetu, akamweleza yote, hata habari ya kuchoma na alichokisema Iwo. Mwalimu alimsikiliza mpaka mwisho.

“Kwa hiyo hamjui la kufanya nayo,” alisema.

“Hatujui, Mwalimu.”

“Hata mimi sijui.” Akaichukua picha, akaizungushia tena karatasi yake vizuri, akaitia kwenye kapu la baiskeli. “Nimepewa vikombe, nimepewa saa za ukutani. Ninyi mmenipa kazi ya nyumbani.”

Jagna alimuuliza kama hiyo ni sifa au lawama. Mwalimu alimtazama Iwo, kisha Tymon, akasema kwamba swali la jana, lile la jina, aliliuliza yeye, lakini la leo tumelitoa sisi wenyewe. Akapanda baiskeli, akaenda zake.

Kwa hiyo Ijumaa jukwaani tutampa maua tu, na wazazi wasishangae.

Mwalimu Wrzosek, tunakushukuru kwa milango, na kwa kutotupa majibu tuliyoyataka. Tunakuombea afya, njia kavu za baiskeli, na asubuhi zisizo na kengele. Ukipata mahali pa kuiweka picha ile, tuambie. Tukipajua sisi kwanza, tutakuja kukugongea.