Daktari Kijiko na Kidonge cha Watoto

Ndugu, jamaa na majirani mliokuja kumsindikiza, tutegeeni sikio kidogo tu, maana marehemu hakupenda hotuba ndefu, ingawa yeye akishika kipaza sauti ilikuwa kazi kumnyang'anya.

Dada yetu mkubwa, mliyemzoea kwa jina la Daktari Kijiko, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, katika vyumba viwili vya nyuma ya duka la baba, fundi saa, akaanza shule ya msingi 1958 na sekondari ya bweni 1966, akahitimu udaktari Desemba 1977, akaolewa tarehe 6 Juni 1980 na mhandisi wa maji, shemeji yetu huyu aliyekaa mbele, wakajaliwa mabinti wawili, na mwaka 1983 akapata shahada ya uzamili ya magonjwa ya kuambukiza.

Jina alilipata wodi ya watoto, akitafiti kifua kikuu, alipowaona kina mama wakikata kidonge cha mtu mzima kwa kisu, wakikisaga, wakikikoroga kwenye kijiko, mtoto akitema chote, naye akaonja, akakunja uso, akasema hata yeye angetema. Tangu hapo kila dawa aliionja, mpaka shemeji akawa anamtania kwamba ameoa mgonjwa asiyeumwa.

Kiwanda cha dawa kilimchukua 1998, na tarehe 2 Mei 2004 akawa mkurugenzi mkuu. Watafiti wake walikuwa wamekamilisha kidonge cha kifua kikuu cha watoto, kinachoyeyuka majini na kisicho kichungu, lakini bodi ikakikataa, ikisema wanunuzi ni wachache. Dada hakugombana na mtu. Kikao cha tarehe 19 Oktoba 2006, kila mjumbe alikuta mezani kidonge cha mtu mzima na kisu cha jikoni, akaombwa akigawe mara nne sawasawa, kisha alambe chembe. Lo! Cha mwenyekiti kiliruka hadi chini ya kabati, akakifuata kwa magoti, suti na yote, na vipande vya wengine dada alivipima kwenye mizani, akawaeleza taratibu kwamba mtoto wa kipande hiki kidogo hatapona, na wa hiki kikubwa ini lake litaharibika. Kando ya mizani aliweka barua yake ya kujiuzulu, imekosa tarehe tu. Kabla ya chai, kidonge kilikuwa kimepita.

Alistaafu 2014. Januari 2023 aligundulika na saratani ya kongosho, akalazwa, na asubuhi ya tarehe 9 Agosti, binti yake akimsukuma kwa kiti cha magurudumu, walimkuta mama mmoja kwenye korido, mtoto begani, akihangaika kufungua pakiti ya kidonge kile, akamwomba dada, kwa kumwita bibi tu, amshikie kikombe. Akakishika. Kidonge kikayeyuka, mtoto akanywa hadi tone la mwisho, akadai kingine. Binti alitaka kumweleza yule mama ni nani aliyeshika kikombe, dada akamkonyeza anyamaze.

Alifariki tarehe 12 Agosti, saa nne asubuhi, na sisi tuliokuwepo tunashuhudia kwamba aliondoka ameridhika.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, waliomvumilia akiwasahihisha akiwa kitandani, majirani kwa kutoiacha nyumba yetu peke yake, na wenzake wa kiwandani, ambao leo wamekuja hadi mwenyekiti.

Dada, kazi umeimaliza, pumzika sasa kwa amani.